Mimba na safari ya avio: tuhesabu majuma mbele ya kununua tiketi



Kila mwaka, wakati konje zinapokaribia, mulango wa CPN unajaa watu ambao kwa kawaida hatuwaoni pale: ni mabwana. Mutumishi anafika na nguo zake za kazi, anasimama nyuma ya bibi yake, na mbele hatujauliza kitu anasema: "Muganga, tunaomba mukanda wa avio." Tiketi iko tayari mufukoni. Siku imekwisha kupangwa, wakwe pale Kinshasa ao Kananga wamekwisha kuambiwa, na mbuzi wamemufunga nyuma ya nyumba. Mimba ina miezi nane.

Nataka kusema wazi juu ya jambo hili katika ukurasa wetu wa afya, kwa sababu pale CPN, na mustari mrefu wa mama wanaongoja, hatuna wakati wa kueleza. Watu wengi wanafikiri kwamba hatari ni avio. Mimi nasema hapana. Kwa mama ambaye mimba yake inakwenda vizuri, avio ni safari nzuri kuliko zote tulizo nazo katika inchi hii. Kutoka Lubumbashi hata Kinshasa ni kilometa zaidi ya 1.500, na avio inazimaliza kwa masaa mawili na zaidi kidogo. Wazee wetu walipanda gari la moshi hata Ilebo, wakati ule iliitwa Port-Francqui, ambako reli ilifika mwaka 1928, na pale wakaingia mashua ya muto Kasai. Ilikuwa safari ya siku nyingi. Hata leo, mama mwenye tumbo kubwa anayekaa juu ya mizigo ya lori siku tatu, ine, katika mashimo ya barabara, huyu ndiye ninamuogopea. Wa avio, hapana.

Hatari ya kweli inaanza hapa chini, mbele ya uwanja. Inatoka kwa kalendari ya konje, na kwa kuficha. Tunahesabu siku za bwana, hatuhesabu majuma ya mimba.

Maneno yanayosemwa katika kambi

Tuanze na woga, kwa maana woga ndio unafanya watu wafiche. Wengine wanasema ile hewa ya juu inapasua tumbo. Wengine wanasema mutoto anakosa hewa ao anazaliwa kiziwi. Wengine wanaogopa mulango ule wa chuma wa uwanja wa avio, ule unaolia ukiwa na funguo mufukoni.

Sikilizeni namna inavyokuwa. Avio inaruka juu sana, lakini ndani yake wanasukuma hewa, hata mwili wa musafiri unajisikia kama yuko juu ya mulima wa metre 1.800 ao, kwa wingi, 2.400. Sasa sisi tunaishi wapi? Lubumbashi inapita metre 1.200. Kolwezi inapita 1.400. Basi mama wa Kolwezi akipanda avio, mwili wake unapanda tena metre 1.000 tu, hata akienda mbali kabisa. Amezoea nusu ya mulima ule tangu zamani, na hajui. Tena damu ya mutoto katika tumbo si sawa na damu yetu watu wakubwa: inashika hewa kwa nguvu zaidi, na kwa sababu hii upungufu kidogo wa hewa haumusumbui. Masikio yake hayana matata yoyote, kwa maana yuko ndani ya maji, na hakuna hewa ya kufinya masikio pale.

Mulango wa chuma unatafuta chuma kwa nguvu ya sumaku. Si mashine ya kupiga picha ya mifupa kama ile ya hospitali. Mashine ya mionzi pale uwanjani ni ya valizi, na valizi haina mimba. Mama akiogopa bado, aseme kwa adabu kwamba ana mimba, na mwanamuke wa ulinzi atamupapasa kwa mikono. Juu ya mionzi inayotoka mbinguni, ni kweli kule juu iko mingi kuliko hapa chini, lakini safari moja ya kwenda na moja ya kurudi ni kidogo sana. Wale wanaopashwa kuhesabu masaa yao ni wanawake wanaofanya kazi ndani ya avio mwaka mzima.

Kitu kingine. Mimba ya miezi ya kwanza inaweza kutoka, na mara nyingi inatoka kwa sababu zake zenyewe. Kama mama alipanda avio siku ya posho na mimba ikatoka kisha majuma mawili, watu wanasema: "Ni avio." Wanamulaumu mama, wanamulaumu bwana aliyelipa tiketi. Ni bure. Lakini miezi mitatu ya kwanza mama ana kichefuchefu, anachoka, na ingefaa tujue mbele kwamba mimba iko pahali pake. Kwa hiyo, kama safari inaweza kungoja, ingoje.

Hesabu yenyewe

Mimba inahesabiwa kwa majuma, tangu siku ya kwanza ya damu ya mwezi wa mwisho. Yote ni majuma 40. Mabwana wengi wanahesabu miezi kwa vidole, tangu siku mama alipowapasha habari, na pale wanapoteza majuma sita, nane. Hii ndiyo inawafanya waape kwamba "ana miezi sita tu" na kumbe mama yuko mwisho wa mwezi wa saba.

Wakati muzuri wa kusafiri ni toka juma la 14 hata la 28. Kichefuchefu kimekwisha, tumbo si zito bado, mimba imeshika. Kisha juma la 28 makampuni mengi ya avio yanataka mukanda wa muganga. Kisha juma la 36 mengi yanakataa kabisa, na kwa mapasa wanakataa mbele, juma la 32, kwa sababu mapasa hawangojei. Kila kampuni ina sheria yake, nyingine kali kuliko hizi. Ulizeni siku mnaponunua tiketi, si siku ya kupanda. Na ulizeni tena juu ya siku ya kurudi: mama anayekwenda na majuma 33 na kurudi na 37 ataachwa kule.

Sasa angalieni namna konje zinatupindua. Bwana anapewa konje mwezi wa saba, wakati watoto wanatoka masomo. Bibi yake anapata majuma 35 wakati ule. Katika akili ya bwana, jambo ni jepesi: twende wote pamoja, atazaa kwa mama yake, mimi nitarudi kazini, yeye atafuata. Hii ni hesabu ya feza na ya konje. Siicheki, maana najua bei ya tiketi. Lakini pale pale ndipo bibi anasukumwa kupanda katika juma mbaya kuliko yote, na ndipo anavaa kikwembe kipana na koti juu yake, na jua la saa sita, ili watu wa uwanja wasione.

Watu wanapita hivi, nalijua. Wanatuletea habari kwa furaha: "Hawakuona kitu!" Ni sawa na mutu wa shimoni aliyepita chini ya jiwe lililolegea, na jiwe halikuanguka, akasema jiwe lilikuwa zuri. Wanaokataza si watu wabaya. Mama akishikwa na uchungu kule juu, rubani atafanya nini? Atatafuta uwanja wa karibu, Mbuji-Mayi ao Kananga, na kushuka kunakula wakati. Ndani ya avio hakuna meza ya operasio, hakuna damu ya kuongeza, hakuna joto kwa mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati. Iko kisanduku cha dawa, wako vijana wawili watatu wa kampuni waliofundishwa siku chache, na pengine, kwa bahati, iko muganga kati ya wasafiri. Mama akitoka damu nyingi kisha kuzaa, dakika kumi ni nyingi.

Mukanda wa muganga

Ninafika sasa pa jambo linaloniuma. Kuna watu wanaotuomba tupunguze majuma. Wanasema polepole, tena kwa heshima: "Muganga, uandike 34, nani atajua?" Wengine wakikataliwa hapa wanakwenda kununua mukanda kwa mutu ambaye hakumugusa mama hata na kidole.

Ndugu watumishi, ninyi munajua kazi ya baruti. Kisha kulipua, kuna wakati wa kungoja moshi utoke. Hakuna kati yenu anayemuambia kapita: "Punguza dakika, nani atajua?" Mapafu yatajua. Na hapa vilevile, mukanda haudanganyi tumbo. Nikiandika 34 na mama yuko 37, mutoto atatoka siku yake mwenyewe, hakusoma mukanda wangu. Sababu ya mukanda si kufurahisha askari wa mulango. Mukanda unamuambia muganga mwingine, kule mbali, asiyemujua mama huyu: mimba ina majuma haya, tunangoja mutoto siku hii, ni mutoto mumoja, tansio ilikuwa hivi, damu ilikuwa hivi. Kama tumeandika uongo, yule muganga atafanya kazi na uongo.

Basi kujeni mapema. Mbele ya kununua tiketi, si kisha. Tutapima, tutahesabu, na kama hesabu si nzuri tutasema pamoja tarehe ingine. Wengi wanatukimbia kwa sababu wanafikiri tunapenda kukataza. Kumbe mama wengi wanaokuja mapema wanapata ndiyo. Tena musije mwezi muzima mbele kuomba mukanda: makampuni yanataka wenye tarehe ya karibu, siku chache tu mbele ya safari. Kuja mara mbili: mara ya kwanza kwa shauri, mara ya pili kwa mukanda.

Wako wale ambao tutawaambia hapana, hata kama majuma ni mazuri. Anayetoka damu, hata kidogo. Anayesikia tumbo kukaza-kaza mbele ya wakati, ao maji yamemwagika. Mama ambaye ekografi ilionyesha kondo la nyuma liko chini, mulangoni. Mama wa tansio, na hasa anayeumwa kichwa sana, anayeona nyota mbele ya macho, anayevimba uso: huyu asifikiri avio, afikiri hospitali, leo. Aliyezaa mbele ya wakati katika mimba iliyopita, tunataka kumuona vizuri. Na mwenye malaria amalize dawa kwanza. Homa haifai kusafirishwa.

Nasimama kidogo juu ya damu, kwa sababu hapa kwetu ndiyo shida kubwa. Niliwaambia kwamba hewa ya juu haisumbui mama. Hii ni kweli kama damu yake inatosha, maana damu ndiyo inabeba hewa. Mama aliye na upungufu mukubwa wa damu, chini ya 7,5 katika kipimo chetu, anakuwa kama lori la tani kumi lenye injini ya pikipiki: katika barabara ya sawa linatembea, pa mulima linasimama. Huyu asipande mbele hatujarudisha damu. Na mwenye ugonjwa wa SS ana mashaka zaidi. Kule juu, pa hewa kidogo na maji kidogo mwilini, seli zake zinaweza kukunjika na maumivu yakaanza. Kama alipata maumivu siku hizi za karibu, abaki. Watu wa SS na jamaa zao wasifiche jina la ugonjwa mbele yetu. Ninajua haya iko. Lakini mama wa SS anayesafiri bila sisi kujua, huyu ndiye ninayemulalia macho wazi.

Siku ya safari

Kitu kinachochosha mama mwenye mimba, mara nyingi si masaa mawili ya kuruka. Ni masaa sita ya kungoja chini. Avio inachelewa, viti havitoshi, jua ni kali, na maji yanauzwa bei ya bia. Mama aondoke nyumbani na chupa yake ya maji na chakula chepesi, na bwana amutafutie kiti mbele ya kushindana na mustari wa mizigo. Asibebe valizi. Kwa desturi yetu mama anasafiri na unga, na ndakala, na mafuta, na zawadi ya kila shangazi, na yote iko kichwani mwake. Basi safari hii vijana wabebe.

Maharagi na limonadi ya povu siku ile aache. Hewa iliyo tumboni inavimba kule juu, na mama mwenye mimba hana nafasi ya kuvimbisha tena. Lakini maji anywe, hata kama hana kiu, kwa maana hewa ya ndani ya avio ni kavu kuliko ya mwezi wa nane huku kwetu. Wengine wanakataa kunywa ili wasisimame kwenda choo. Kinyume chake! Kusimama ndiko tunakotaka.

Ni kwa sababu hii: damu ya mwanamuke mwenye mimba inaganda upesi kuliko ya wengine. Mungu aliitayarisha hivi ili mama asitoke damu yote siku ya kuzaa. Lakini akikaa bila kusogeza miguu, damu inaweza kuganda katika mushipa wa muguu, na donge lile likipanda katika mapafu linaweza kuua. Katika safari fupi za ndani ya inchi hatari ni ndogo. Ikipita masaa mane, inaongezeka. Kwa wale wanaokwenda Ulaya, ao wanaobadili avio mara mbili, tutasema nao juu ya shosheti za kukaza miguu. Kwa wote: kila nusu saa mama azungushe vifundo vya miguu, akanyage vidole na kisigino, kama mutu wa cherehani. Kila saa asimame akatembee kidogo, kama avio imetulia. Aombe kiti cha kando ya njia. Kisha safari, kama muguu mumoja umevimba na kuuma kuliko mwingine, ao kifua kinachoma na pumzi ni fupi, aende hospitali bila kungoja kesho. Asimeze aspirini kwa shauri la jirani.

Mukaba wa kiti: chini ya tumbo, juu ya mapaja, umekazwa vizuri. Si katikati ya tumbo, na si kuuacha wazi "ili mutoto apumue". Wakati wa mvua, mawingu ya inchi yetu yanarusha avio kama lori katika mashimo ya barabara, bila kuonya mutu. Mama akae na mukaba wakati wote anapokuwa katika kiti.

Na asisahau kadi ya CPN. Naona mama wanaweka kadi katika valizi kubwa, valizi inaingia chini ya avio, na siku ingine inafika pahali pengine. Kadi ikae katika kikapu cha mukono. Ndani yake iko grupu ya damu, iko tarehe za dawa ya kuzuia malaria, ile tunayotoa toka mwezi wa ine, mara tatu ao zaidi, na mwezi mumoja kati ya moja na nyingine. Bila kadi, kule atakakokwenda wataanza sifuri, ao watarudisha dawa aliyokwisha kumeza jana. Chandarua kisafiri pia. Mbu wa Kinshasa hawaulizi kama wewe ni mugeni.

Kwa wale wanaovuka mupaka, iko kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano ni ya kidudu kilicho hai, na kwa mama mwenye mimba hatuitoi hivihivi. Muganga anapima hatari mbili, ya chanjo na ya ugonjwa. Ugonjwa huu si hadithi, mwaka 2016 ulipita hapa Congo na Angola. Aliyekwisha kuchanjwa zamani, kadi yake ni nzuri kwa maisha yote, sheria hii ilianza tarehe 11 mwezi wa saba mwaka 2016. Asikubali kuchomwa tena pale uwanjani kwa sababu mutu anamuambia miaka kumi imepita.

Nani apande?

Sasa shauri langu mimi, na najua wazee wengine hawatalipenda. Desturi ya musichana kuzaa mimba ya kwanza karibu na mama yake ni nzuri. Sisemi kitu juu yake. Mama anajua kukanda mugongo, anajua kumushikisha mutoto ziwa, anamuacha binti yake alale. Nimeona mama vijana wanaozaa peke yao katika kambi, na bwana yuko zamu ya usiku, na hakuna wa kuwapikia bukari, wanakonda. Lakini kwa nini lazima tumbo ndilo lisafiri? Bibi mukubwa wa miaka hamsini, mwenye miguu mizuri, hana juma la 36. Hana wa kumukataza mulangoni. Apande yeye. Tiketi ni moja, bei ni moja, na binti anazalia pale ambapo kadi yake iko, pale wazalishaji wanamujua tangu mwezi wa tatu, na ambulansi ya kampuni inajua nyumba.

Wanaume wananiambia: "Na wakwe watasema sikumuheshimu binti yao." Mujaribu kuwatumia tiketi, mutaona namna watakavyosema.

Kama mama mukwe hawezi kuja, basi binti aende mapema, juma la 26, la 28, akakae kule, akaandikishwe CPN ya kule, wazalishaji wamuzoee. Bwana atabaki peke yake miezi mitatu minne. Najua. Atajifunza kupika sombe.

Kwa wanawake wenyewe walio watumishi, na leo wako wengi katika ofisi, katika laboratware, hata katika usukani wa malori makubwa, nasema neno lingine. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inawapa majuma 14 ya uzazi, na 6 kati yao ni ya mbele ya kuzaa. Muhesabu nami: 40 kutoa 6 ni 34. Anayengoja konje ya uzazi ili asafiri kwa mama yake anaanza safari na juma la 34, na mulango unafungwa juma la 36. Majuma mawili tu, na avio ikikosa, na mukanda ukichelewa, yamekwisha. Afazali konje yake ya kila mwaka aichukue mapema, aende, arudi, na ile ya uzazi aitumie hapa. Na yule anayetumwa na kazi kwenda Kinshasa ao Johannesburg, amuambie mukubwa wake kwamba ana mimba, hata kama tumbo halijaonekana. Wakubwa wa kazi nao wasigeuze habari ile kuwa sababu ya kumunyima masomo ao cheo. Wakifanya vile, mwingine ataficha, na tutarudi pa vikwembe vipana.

Neno juu ya kurudi. Mama aliyezaa vizuri, na mutoto mwenye afya, wangoje siku 7 kwa uchache. Makampuni mengi hayapokei mutoto mbele ya siku hizo, na mengine yanataka zaidi. Aliyepasuliwa angoje kidonda kionwe na muganga. Aliyezaa mbele ya wakati, tusifanye haraka. Kama munaweza kungoja juma la sita, mutoto atapata chanjo kule na kurudi nayo katika kadi yake. Ombeni materinite mukanda wa kuzaliwa mbele ya kutoka, wenye jina lililoandikwa vizuri, herufi kwa herufi, kwa maana serikali inawapa siku 90 za kuandikisha mutoto, na bila karatasi ile ofisi ya watumishi haiwezi kumutia katika jamaa ya baba yake. Na wakati avio inaanza kushuka, mama ampe mutoto ziwa, hata kama amelala: kumeza ndiko kunafungua masikio yake.